Je, gemu humpumbaza mtoto?

Wazazi wengi huamini kwamba gemu za video humpumbaza mtoto: akishika pedi tu, masomo kwaheri. Imani hii haikuzuka hewani. Nani hajamwona mtoto aliyetumwa chumvi akanasa kwenye banda la gemu hadi mboga ikapoa?

Ila kukosa kiasi ni jambo moja, kuharibika akili ni jingine. Mtazame anayecheza gemu ya mpira: macho yako kwenye mpira, na bado anajua beki wake kasimama wapi na dakika zimebaki ngapi. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 uliwapa watu wasio wachezaji gemu ya mapigano, saa moja kwa siku, siku 10. Wepesi wa macho yao kunasa vitu vingi kwa pamoja uliongezeka. Wenzao waliopewa Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, hawakupata ongezeko hilo. Kwa hiyo gemu si kitu kimoja, na faida zenyewe zina mipaka: kuona upesi hakumfanyi mtoto ajue hesabu, na usingizi ukiibwa hasara ni palepale.

Ukisoma kwamba gemu "zinaua" au "zinaongeza" akili, uliza: wachezaji waliopimwa walilinganishwa na nani? Nyumbani, chukua daftari, andika kwa wiki mbili saa za gemu, saa ya kulala na kazi za shule zilizokamilika. Mara nyingi safu ya kuangalia kwanza ni ile ya kulala.