Reli ya mkonge bustanini, reli ya Tanga chumbani: kwa nini sitoboi ukuta

Mtu mwenye reli ya mfano chumbani akianza kuitamani bustani, swali la kwanza huwa ni ukuta autoboe wapi. Anataka treni iondoke kwenye stesheni iliyo mezani, ipite chini ya dirisha, itokee juani. Tamaa hiyo naielewa vizuri. Lakini katika mpango wa bustani yangu hapa Tanga, uamuzi nilioutanguliza ni kwamba ukuta hautatobolewa. Reli ya nje itakuwa reli nyingine kabisa, yenye geji yake (upana kati ya reli mbili za njia), uwiano wake na kazi yake, na itakutana na ya ndani kwa shehena tu. Naeleza sababu zake kwa kirefu, maana uamuzi huo ndio unaoongoza karibu kila kitu kinachofuata.

Reli ya chumbani imejengwa kwa uwiano wa 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na njia yake ina upana wa milimita 12. Zidisha 12 kwa 87 utapata 1,044, yaani karibu kabisa na geji ya mita, ambayo ndiyo geji ya njia ya Tanga tangu Wajerumani walipoanza kuijenga mwaka 1893 hadi ilipofika Moshi mwaka 1911. Imekaa juu ya rafu inayofuata kuta mbili. Kuna stesheni moja ya kubuni katika nchi ya mkonge kati ya Muheza na Korogwe, njia ya kupishania treni, ghala la mizigo, na njia fupi ya pembeni ambako mabehewa hungoja marobota ya katani yanayokwenda bandarini.

Reli ya namna hiyo haiwezi kuishi nje. Ukingo wa gurudumu unaoshika reli haufiki kina cha milimita moja. Punje ya mchanga, jani la mwarobaini au sisimizi mmoja mkaidi anatosha kuiangusha treni. Kwa hiyo hata ukitoboa ukuta, ni lazima ubadilishe ukubwa, na ukibadilisha ukubwa treni ya ndani haitoki tena. Tundu linabaki mlango wa mijusi na vumbi.

Twende kwenye hesabu ya geji, kwa sababu ndipo wengi wanaponunua vitu visivyolingana. Njia iliyoenea zaidi katika reli za bustani duniani ina upana wa milimita 45. Kampuni ya Lehmann ya Nürnberg iliipa umaarufu kwa chapa ya LGB iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, kwa uwiano wa 1:22.5. Zidisha: 45 mara 22.5 ni milimita 1,012.5. Hiyo ni geji ya mita, geji yetu, ingawa mfano wenyewe ulikusudiwa reli nyembamba za Ulaya. Njia hiyohiyo ya 45 ukiipandisha mifano ya 1:20.3 inakuwa geji ya futi 3, ile ya milima ya Colorado kule Marekani. Ukiweka ya 1:32 unapata milimita 1,440, yaani karibu kabisa na geji ya SGR, reli ya kisasa yenye milimita 1,435. Reli ni moja, dunia tatu tofauti. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia upana wa njia peke yake, uliza uwiano.

Mtu angedhani jibu langu basi liko wazi: ndani geji ya mita, nje geji ya mita kwa 1:22.5. Nilipenda sana iwe hivyo. Kuna injini moja ninayoiheshimu kuliko zote, ile injini kubwa ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima. Ukifika Makumbusho ya Reli Nairobi utaiona namba 5918, Mount Gelai, ina urefu unaozidi mita 31. Kwa 1:22.5 hiyo ni injini ya mita moja na sentimita 40. Kuibeba tu kunahitaji watu wawili.

Tatizo kubwa hata hivyo si injini, ni kona. Bustani yangu ina mita 14 kwa 9. Kona ya njia kuu ya geji ya mita yenye nusukipenyo cha mita 175, ambayo kwa injinia wa reli ni kona kali, inakuwa mita 7.8 kwa 1:22.5. Duara lake zima lingekuwa na upana wa zaidi ya mita 15, yaani liipite bustani yenyewe. Zipo kona za kununuliwa zenye nusukipenyo cha sentimita 60, na injini ndogo zinazipita bila shida. Lakini zikuze uone: ni mita 13.5. Hakuna treni ya njia kuu inayozunguka hivyo. Kwa mtoto anayecheza hilo halina neno. Kwangu mimi, niliyefanya kazi ya njia ya reli, jicho lingeumia kila treni inapopita.

Hapo ndipo mkonge unapoingia.

Mwaka huohuo wa 1893, ujenzi wa reli ulipoanza, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliileta miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Mashamba makubwa yaliyotokana na miche hiyo yalihitaji usafiri wa ndani, na sababu iko kwenye jani lenyewe. Jani la mkonge ni maji na nyama ya mmea karibu lote. Nyuzi ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Tani 25 za majani zinakupa tani moja ya katani. Tena jani likishakatwa halingoji, likikauka nyuzi zinashikamana na kuzichambua kunakuwa kazi. Kwa hiyo kila siku mzigo mzito wenye thamani ndogo ulipaswa kutolewa shambani haraka na kufikishwa korona, ile mashine ya kusaga jani na kuacha nyuzi. Jawabu lilikuwa reli nyepesi za geji ya milimita 600, zilizolazwa juu ya ardhi bila tuta la maana, zikihamishwa kufuata mavuno, na troli zikivutwa na injini ndogo au kusukumwa na watu.

Reli hizo zinakata kona kali kwa asili yake, ndiyo kazi yake. Uwiano wa 1:19 juu ya njia ya milimita 32 unatoa 608, yaani geji ya shamba barabara. Kona yenye nusukipenyo cha mita 1.2 inawakilisha mita 23 hivi, na hakuna mtu aliyewahi kuiona reli ya shamba atakayeshangaa. Bustani ya mita 14 kwa 9 ghafla inakuwa pana. Injini nazo zinakuwa fupi, rahisi kubeba kwa mkono mmoja, na bado kubwa kiasi cha kuona fundo la bolti kwenye fremu yake.

Sasa muunganiko. Reli mbili za geji tofauti zinapokutana, mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Kidatu, ambako geji ya mita kutoka Kilosa inakutana na ya TAZARA yenye milimita 1,067, tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa halivuki hivihivi. Shamba la mkonge na njia ya Tanga vilikuwa na uhusiano huohuo. Kwa hiyo mpaka wa reli zangu mbili umewekwa mahali ambapo hata katika uhalisia reli ingekatika. Nje, chini ya dirisha la chumba, kutakuwa na korona, nyaya za kuanikia katani na ghala la marobota kwa 1:19. Ndani, upande wa pili wa ukuta uleule, kuna ghala hilohilo kwa 1:87, lenye rangi ileile na jina lilelile kwenye bati. Mtu wa 1:19 ana sentimita 9, wa 1:87 ana sentimita 2, hivyo nimehakikisha hakuna mahali pa kusimama ambapo macho yanaviona vyote viwili kwa pamoja. Ukiwa nje hulioni la ndani, ukiingia huoni la nje.

Kinachopita ukutani ni karatasi. Nimeipanga hivi: kila treni ya majani inayofika korona inahesabiwa kuwa mavuno ya siku nzima, tani 100. Inatoa tani 4 za katani. Treni tano zinatoa tani 20, ambazo ni marobota 80 ya kilo 250, na hapo ndani behewa moja linaruhusiwa kupakiwa. Kabla ya treni ya tano kufika, behewa la chumbani halisogei. Mvua ikinyesha siku mbili na reli ya nje ikasimama, stesheni ya ndani nayo inakosa mzigo, kama ilivyokuwa kwa mashamba yenyewe. Uhusiano huu ni wa kweli zaidi kuliko treni inayochungulia tunduni.

Kuna sababu ya umeme pia, na hii naomba msiichukulie kwa wepesi. Reli ya chumbani inaendeshwa kidijitali, umeme ukipita kwenye reli pamoja na amri za kila injini. Reli ndefu ya chuma iliyolala nje na kuunganishwa na vifaa vya ndani ni njia ya radi kuingia nyumbani wakati wa masika. Nje nitatumia betri ndani ya injini na rimoti: seli tatu za lithiamu zenye volti 3.7 kila moja zinatoa volti 11.1, zinatosha. Faida ya ziada ni kwamba huhitaji kusugua kutu na vumbi kwenye reli kila asubuhi ili umeme upite, na hewa ya chumvi ya pwani ingekusugulisha kweli.

Mwinuko nitauzungumza kwa hesabu fupi. Tuseme injini ina kilo 2 na inaweza kuvuta kwa nguvu ya asilimia 20 ya uzito wake, yaani gramu 400. Tuseme msuguano wa magurudumu ni asilimia 2. Kwenye tambarare inamudu kilo 20, yenyewe ikiwemo. Ipandishe mlima wa asilimia 2 na mzigo unashuka hadi kilo 10, kabla hujahesabu kona. Bustani yangu inateremka kuelekea nyumbani, na hilo ni bahati: majani mazito yanashuka kwenda korona, troli tupu zinapanda. Bado sitazidisha asilimia 2, kwa sababu treni nzito inayoteremka nayo inahitaji kuzuiwa.

Msingi hautakuwa na mbao hata kipande. Mchwa wa hapa hawana subira. Nitachimba mfereji wa sentimita 15, nijaze kokoto, nipange juu yake matofali ya saruji, halafu njia ilale kwenye chenga za mawe za milimita 3 hadi 6. Zichague zenye ncha. Kokoto za mviringo za mtoni zinapendeza lakini hazishikani, mataruma, yale yanayobeba reli, yanateleza juu yake. Mahali maji yanapokatiza, weka kalvati halisi la bomba la inchi 4 na si pambo, kwa sababu mvua kubwa haijui kwamba reli yako ni ya mfano.

Jua nalo lina hesabu yake. Reli ya shaba nyeupe au ya manjano inarefuka kwa takriban sehemu 17 hadi 19 katika kila milioni kwa nyuzi joto moja. Mita 25 za reli ya shaba ya manjano, zikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi joto la saa nane mchana, tofauti ya nyuzi 35, zinarefuka milimita 16 au 17. Ukizibana pande zote zitapinda kama nyoka. Acha nafasi ndogo kwenye kila fishipleti, kile kipande kinachounganisha reli na reli, laza njia wakati wa joto la wastani, na usiifunge kwa saruji isipokuwa kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, na daraja.

Mimea ndiyo sehemu inayonifurahisha kupita zote. Mkonge mkubwa wa mita moja na nusu hadi mbili, kwa 1:19, ni sentimita 8 hadi 10. Na mlingoti wa mkonge ukishatoa maua unaota juu yake vichipukizi vidogo, kila kimoja mkonge kamili, vingi vikiwa na ukubwa huohuo. Shamba langu la mfano litakuwa mkonge wa kweli, uliopandwa kwa mistari miwilimiwili kama shambani, kila mche ndani ya kikopo kilichofukiwa ili mizizi isitanuke. Unaokua kupita kiasi unahamishiwa kwenye uzio, mwingine unaokotwa chini ya mlingoti. Kuanzia mwaka wa pili nategemea kukata majani ya chini kwa mkasi, kuyafunga kwa uzi, na kuyapakia kwenye troli yakiwa mabichi.

Kazi ya kwanza itaanza kabla ya masika: mita 3 tu za njia, zenye kona moja na kalvati moja, sehemu ya chini kabisa ya bustani ambako maji hutuama. Zitakaa hapo msimu mzima bila treni, na kila wiki nitazipima kwa pima maji. Zikishuka zaidi ya milimita 5, mfereji wa njia nzima utachimbwa kwa kina cha sentimita 25.