Je, wajua kwa nini Vojvodina imeongozwa na watu waliotoka katika chama kilichotaka mamlaka yake yafutwe?

Vojvodina ni jimbo la kaskazini mwa Serbia, tambarare yenye rutuba inayokatwa na mto Danube, na makao yake ni mji wa Novi Sad. Lina bunge lake lenye wajumbe 120, serikali yake na bajeti yake, na lugha sita hutumika rasmi katika ofisi zake. Kuanzia mwaka 2016 mkuu wa serikali hiyo alikuwa Igor Mirović, na Mei 2024 nafasi yake ikachukuliwa na Maja Gojković, mwanasheria mzaliwa wa Novi Sad. Wote wawili walikulia kisiasa katika Chama cha Radikali cha Serbia, chama cha mrengo mkali wa kulia ambacho tangu kuanzishwa kwake kimeyapinga mamlaka ya Vojvodina ya kujitawala. Inakuwaje basi watu waliolelewa na chama kisichotaka jimbo lijitawale ndio wakabidhiwe jimbo hilo?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu, na lilikuwa kosa. Nilipokutana kwa mara ya kwanza na maelezo kwamba Gojković alikuwa mwanasiasa wa jimbo aliyetoka mrengo mkali wa kulia, nilimweka katika kundi moja na wanasiasa wa kaskazini mwa Italia au wa Flanders nchini Ubelgiji, ambao uzalendo wao ni wa jimbo: wanataka kodi ya kwao isiende mji mkuu, na wengine wanataka hata kujitenga. Nikadhani kwamba alipanda ngazi kwa kuwaahidi watu wa Novi Sad kuwalinda dhidi ya Belgrade, mji mkuu wa Serbia. Ukweli ni kinyume kabisa, na kinyume hicho ndicho ufunguo wa historia yote.

Kwa Radikali, taifa ni Serbia nzima, na katika ndoto ya kiongozi wao Vojislav Šešelj ni Serbia pana kuliko ilivyo sasa, yenye kumeza sehemu kubwa za Kroatia na Bosnia. Kwa macho hayo, bunge la Novi Sad halionekani kuwa ngome ya wenyeji, bali ufa katika ukuta wa nchi. Mtazamo huo haukuzuka hewani. Katiba ya mwaka 1974 ya Yugoslavia, shirikisho ambalo Serbia ilikuwa mojawapo ya jamhuri zake, iliipa Vojvodina, pamoja na Kosovo, jimbo jingine la Serbia, mamlaka yaliyokaribia yale ya jamhuri kamili, ikiwamo nafasi katika Urais wa pamoja wa nchi. Wazalendo wengi wa Kiserbia waliona kwamba jamhuri yao peke yake ndiyo iliyokatwa vipande. Tarehe 5 na 6 Oktoba 1988, umati uliomuunga mkono Slobodan Milošević, kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Serbia wakati huo, ulikusanyika Novi Sad na kurushia jengo la serikali ya jimbo pakiti za mtindi, hata tukio lenyewe likabaki na jina la Mapinduzi ya Mtindi. Viongozi wa jimbo wakajiuzulu, na kufikia Katiba ya Serbia ya mwaka 1990 mamlaka ya Vojvodina yalikuwa yamebaki jina tu.

Kwa hiyo, Chama cha Radikali kilipoundwa Kragujevac Februari 1991, Gojković akiwa miongoni mwa waasisi, vita dhidi ya mamlaka ya jimbo vilikuwa vimekwisha kupiganwa, na wengine ndio walioshinda. Waliobaki wakiyatetea walikuwa watu wa upande mwingine kabisa wa siasa: chama cha demokrasia ya kijamii cha Nenad Čanak, vyama vya Wahungaria, na baadaye sehemu kubwa ya Chama cha Demokrasia. Anayesikia maneno "mwanasiasa wa jimbo" akadhani ni mtetezi wa jimbo atawakuta watetezi upande wa kushoto na wa kati, na wapinzani upande wa kulia.

Kuna kosa la pili linalofuatana na hilo, nalo ni kudhani kwamba Radikali walikuwa wageni Vojvodina, waliotumwa kutoka Belgrade. Walipata huko kura nyingi za kweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya watu 200,000 kutoka Bosnia, Herzegovina, Lika, Montenegro na kwingineko walipewa ardhi na nyumba zilizoachwa na Wajerumani waliofukuzwa, na katika miaka ya 1990 wakaja wakimbizi Waserbia kutoka Kroatia na Bosnia. Sehemu ya Waserbia katika wakazi wa Vojvodina ilipanda kutoka takriban asilimia 57 mwaka 1991 hadi 65 mwaka 2002. Inaelezwa mara nyingi kwamba wakimbizi hao ndio waliokuwa mtaji wa Radikali. Maelezo hayo yana mantiki, lakini sensa haiulizi mtu amempigia nani kura, na walikuwapo pia wenyeji wa siku nyingi waliokichagua chama hicho kwa hasira ya umaskini na ya mabomu ya NATO ya mwaka 1999. Napendelea kuyachukua kama sehemu ya jibu tu.

Wala haifai kusahau kwamba siasa hizo zilikuwa na waathiriwa ndani ya jimbo lenyewe. Tarehe 6 Mei 1992 Šešelj alihutubia katika kijiji cha Hrtkovci, katika eneo la Srem, na Wakroati wa kijiji hicho wakalazimika kuhama. Alipofikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa mjini The Hague aliachiwa huru kwanza mwaka 2016, lakini Aprili 2018 majaji wa rufaa walimtia hatiani kwa sababu ya hotuba hiyo ya Hrtkovci na kumhukumu kifungo cha miaka 10, ambacho alihesabiwa kuwa amekwisha kukitumikia rumande. Katika kesi iliyogusa vita vya Kroatia na Bosnia, hatia ikaangukia kijiji cha Vojvodina.

Sasa tuje kwenye utaratibu unaofanya jambo hili liwezekane, nao ni orodha ya wagombea iliyofungwa. Mpiga kura wa Serbia hamchagui mbunge, bali huweka alama kwenye orodha ya chama. Nchi nzima ni jimbo moja la uchaguzi, na viti 250 hugawanywa kwa uwiano wa kura. Bunge la Vojvodina lilikuwa na mfumo mchanganyiko, nusu ya wajumbe wakichaguliwa kwa majina katika maeneo yao, mpaka uchaguzi wa mwaka 2012. Tangu mwaka 2016 wajumbe wote 120 hutoka kwenye orodha.

Fikiria jahazi linalobeba abiria kutoka bandari moja hadi nyingine. Abiria hulipia jahazi. Hawaulizwi baharia gani akae kwenye usukani na gani ashike tanga. Mabaharia huchaguliwa na nahodha. Safari ikiwa njema, baharia hana abiria wa kumshukuru kwa kazi yake, maana hakuna abiria aliyemchagua, na akikosana na nahodha hakuna abiria atakayemtetea, kwa kuwa wengi hata jina lake hawalijui. Mwanasiasa wa orodha iliyofungwa yuko katika hali hiyo hiyo. Anaweza kuzaliwa Novi Sad, kuishi Novi Sad na kukaa katika bunge la Novi Sad, lakini mtu mwenye uwezo wa kumrudisha au kumwacha ni yule anayeandika orodha. Uaminifu wake huelekea juu, kwenye makao ya chama, kabla ya kuelekea chini kwa wakazi.

Miaka ya 2000 kamba ilikuwa fupi zaidi. Katika bunge la taifa, chama kiliruhusiwa kusubiri matokeo kwanza, kisha kuamua ni nani kati ya walio kwenye orodha aingie bungeni, bila kufuata mpangilio wa majina. Ni kana kwamba nahodha anauza tiketi zote ndipo awachague mabaharia. Zaidi ya hapo, vyama viliwataka wabunge watie saini barua za kujiuzulu zisizo na tarehe, ambazo chama kilizitunza na kuweza kuzijaza siku kilipotaka. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 102, ilimruhusu mbunge kukiachia chama chake mamlaka juu ya kiti chake, jambo lililolaumiwa na wataalamu wa sheria wa Baraza la Ulaya. Mwaka 2011 sheria ilibadilishwa, na tangu hapo viti hugawiwa kwa mfuatano wa majina kwenye orodha.

Utaratibu huu ulikuwa na nguvu kiasi kwamba nahodha hakulazimika hata kuwa nchini. Šešelj alijisalimisha The Hague Februari 2003. Desemba ya mwaka huo, akiwa rumande, orodha ya chama chake ilipata viti 82, vingi kuliko vya chama kingine chochote. Septemba 2008 alitoa amri kutoka huko huko kwamba chama kipinge mkataba wa ushirikiano na Umoja wa Ulaya, na naibu wake Tomislav Nikolić, aliyeuunga mkono, akaondoka pamoja na Aleksandar Vučić na kuanzisha Chama cha Maendeleo cha Serbia, ambacho wachambuzi wengi hawakiweki tena katika mrengo mkali. Mwaka 2012 Radikali hawakupata hata kiti kimoja bungeni.

Maisha ya kisiasa ya Gojković yanavutia hasa kwa sababu aliwahi kutoka nje ya utaratibu huo. Mwaka 2004 mameya walichaguliwa na wananchi moja kwa moja, naye akashinda Novi Sad, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa mji huo. Hiyo haikuwa nafasi ya baharia. Ilikuwa ngalawa yake mwenyewe. Ndiyo maana aliweza kuachana na Radikali mwaka 2008 na bado akabaki na jina lenye thamani, akaunda chama kidogo, akajiunga na muungano mwingine, kisha mwaka 2012 akaingia katika chama cha Nikolić na Vučić. Akawa Spika wa bunge la Serbia kuanzia 2014 hadi 2020, baadaye Waziri wa Utamaduni, na hatimaye mkuu wa serikali ya jimbo. Uchaguzi wa moja kwa moja wa mameya wenyewe haukudumu: tangu mwaka 2008 mameya huchaguliwa tena na mabaraza ya miji.

Linabaki swali la kwa nini, baada ya kushika Belgrade na Novi Sad kwa pamoja, chama tawala, yaani kile cha Maendeleo, hakikuifuta Vojvodina. Sehemu ya jibu ni ya kisheria. Ibara ya 182 ya Katiba inataka pendekezo la kufuta jimbo lipitishwe na wananchi katika kura ya maoni, kisha Katiba yenyewe ibadilishwe. Hiyo ni kazi kubwa kwa faida ndogo, kwa kuwa mamlaka ya jimbo yalikuwa yamekwisha kupunguzwa kwa njia nyingine. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vingi vya sheria ya mamlaka ya jimbo, na mwaka 2013 ikabatilisha sehemu ya Mkataba wa jimbo, yaani sheria yake kuu, uliopitishwa mwaka 2009. Mkataba mpya, mwepesi zaidi, ulipatikana Mei 2014. Katiba inasema bajeti ya Vojvodina isipungue asilimia 7 ya bajeti ya Serbia, na namna ya kuihesabu asilimia hiyo imezua mabishano ya miaka. Serikali ya jimbo iliyo mikononi mwa chama kingine ingeufanya ubishi huo kuwa vita vya kila mwaka. Iliyo mikononi mwa chama kile kile haina wa kubishana naye, kwa sababu aliyeandika orodha ya Belgrade na aliyeandika ya Novi Sad ni mmoja.

Radikali wenyewe waliendelea kudai kufutwa kwa mamlaka hayo wakiwa ndani ya bunge la jimbo, ambako mwaka 2016 walipata viti 10 huku chama tawala kikipata 63. Gojković na Mirović, sasa wakiwa katika chama tawala, hawakuwa wakidai hivyo tena. Walishika wadhifa ambao Katiba inautambua. Ofisi ya wadhifa huo imo katika jengo la Banovina, lililojengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, jumba refu la marumaru nyeupe katikati ya mji wa Novi Sad.