Ganzi ya Miguu na Vidonge vya "Kuotesha Neva": Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mtwara

Yamezidi kutufikia malalamiko ya wagonjwa wa kisukari wa Masasi, Newala na Tandahimba ambao, katika msimu wa malipo ya korosho, waliuziwa vidonge vinavyodaiwa kuwa na kichochezi cha ukuaji wa neva.

Kichochezi hicho ni protini ya kweli, na ugunduzi wake uliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Hutolewa na ngozi na viungo vingine ambako neva huishia. Kikifika kwenye ncha ya neva, huviunganisha vipokezi viwili (protini za juu ya seli zinazopokea ishara) viitwavyo TrkA, navyo hubandikana fosfeti, yaani alama za kemikali. Kutokana na alama hizo huamshwa kimeng'enya cha Akt, ambacho huizima BAD, protini inayoisukuma seli ijiue. Lakini kuamka kwa kipokezi vidoleni hakutoshi. Mwili wa seli hiyo uko kando ya uti wa mgongo, karibu mita moja kutoka mguuni, kwa hiyo kipokezi na kichochezi chake humezwa pamoja ndani ya kifuko cha utando, kikavutwa na protini ya daineini safari yote hiyo huku kikiendelea kutoa ishara ya uhai. Kisukari huidhoofisha safari hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya ganzi kuanzia vidoleni.

Protini ikimezwa, tumbo huisaga kama linavyosaga samaki, na hili si jambo la kubishania. Hata kichochezi hicho kilipotolewa kwa sindano, jaribio la wagonjwa 1,019 wa kisukari lililochapishwa mwaka 2000 halikuthibitisha manufaa yaliyotarajiwa. Matone ya macho yenye protini hii yaliidhinishwa Marekani mwaka 2018, lakini hayo ni ya ugonjwa wa konea, utando angavu wa mbele ya jicho, si wa miguu.

Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Aliyenunua asitupe kopo wala risiti. Avipeleke kituo cha afya, aonyeshe namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na kama amepata madhara aombe ijazwe fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kuripoti madhara ya dawa, akitaja pia dawa nyingine zote anazotumia. Aliyeacha metformini au insulini kwa kutegemea vidonge hivyo arudi kliniki kesho asubuhi, asisubiri tarehe yake.