Flashi Isiyosoma: Jua Kwanza Mawasiliano Yamekatikia Wapi

"Haisomi" ndilo neno tunalolisikia karibu kila mara mtu anapoleta flashi kwenye dawati letu la msaada wa kompyuta, na ni neno linaloficha mengi kuliko linavyoeleza. Mmoja ana maana kwamba akiichomeka hapatokei chochote, taa haiwaki wala kompyuta haitoi mlio. Mwingine anaiona flashi yake kwenye orodha, ila akiibofya anaambiwa aifomati kwanza, yaani aiandae upya ikiwa tupu. Wa tatu anaifungua vizuri kabisa, lakini folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato (shortcut). Haya ni magonjwa mbalimbali yaliyopewa jina moja, na dawa ya ugonjwa mmoja, ikitumiwa kwa mwingine, huweza kufuta kazi ya miaka.

Ndani ya flashi mna vipande viwili vinavyobeba kazi yote: chipu ya kumbukumbu, inayohifadhi data, na chipu ya udhibiti, inayozungumza na kompyuta. Kichwa cha flashi ya USB 2.0 kina vibamba vinne vya chuma, viwili vya umeme wa volti 5 na viwili vya data, na vile vya umeme vimefanywa virefu kidogo ili umeme utangulie kufika. Umeme ukishafika, kompyuta huuliza kifaa hiki ni cha aina gani na kimetengenezwa na nani, chipu ya udhibiti hujibu, mfumo endeshi (kama Windows au Linux) huita draiva inayofaa, yaani programu ndogo ya kukiendesha kifaa hicho, kisha husoma jinsi diski ilivyogawanywa, hutambua mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili humo, na mwisho kabisa, kwenye Windows, huipa flashi herufi yake. Mnyororo huu unaweza kukatika kwenye pingili yoyote. Ndiyo maana taa inayowaka si ushahidi kwamba flashi ni nzima. Inathibitisha tu kwamba umeme umefika.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote hakihitaji programu yoyote: ichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, na flashi nyingine kwenye kompyuta yako. Ikisoma kwingine, flashi haina kosa. Kabla ya kuhukumu, jaribu pia tundu jingine la mashine ileile, na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa kuwa hayo yameunganishwa moja kwa moja na bodi kuu, ilhali ya mbele hutegemea waya unaoweza kulegea. Epuka kupitia kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, maana tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500 na la USB 3.0 hadi miliampia 900, na kigawanyo hugawa kiasi hicho kwa kila kilichochomekwa. Kama kuna vumbi tunduni, zima mashine kwanza, kisha litoe kwa hewa au kijiti kikavu, kamwe si kwa pini. Flashi inayopata moto mkali ndani ya sekunde chache ichomolewe mara moja, kwani huenda ina hitilafu ya umeme ndani na inaweza kuharibu hata tundu lenyewe.

Ikiwa kosa ni la kompyuta, iwashe upya. Watumiaji wa Windows wengi huizima mashine na kuiwasha tena wakidhani ni jambo lilelile, lakini pale mfumo wa kuwaka haraka unapotumika, kuzima huhifadhi hali ya kiini cha mfumo endeshi pamoja na draiva zake, na kosa lililokuwamo hurudi nalo. Amri ya kuwasha upya ndiyo huanza yote tangu mwanzo. Isipofaa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, tafuta kifaa cha USB chenye alama ya tahadhari, kiondoe, kisha washa upya ili Windows ijiwekee draiva yenyewe. Kwenye kompyuta ya kazini, ulizia kwanza: huenda wasimamizi wa mtandao wamefunga matumizi ya flashi kwa makusudi, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Mahali panapofichua mengi zaidi ni kwenye zana ya kusimamia diski, ambayo hufunguka kwa kubonyeza tena Windows pamoja na R na kuandika diskmgmt.msc. Ukiikuta flashi pale, ikiwa na sehemu nzima ila haina herufi, ipe herufi isiyotumika na tatizo limekwisha. Mara nyingi herufi yake ilikuwa imechukuliwa na diski ya mtandao. Ukikuta neno RAW, Windows haitambui mfumo wa faili uliomo. Ukikuta nafasi yote haijagawiwa, jedwali la mgawanyo limepotea au kuharibika. Na ukiambiwa kwamba hakuna diski ndani, ingawa flashi yenyewe imetajwa, maana yake chipu ya udhibiti inajibu lakini haiwezi kuifikia chipu ya kumbukumbu. Hapo amri za kawaida za Windows hazisaidii, na kuzirudia ni kupoteza muda. Kwenye Linux, amri za lsblk na dmesg hutoa picha ya namna hiyohiyo.

Kuna hali moja inayowaponza hata wajuzi. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa ext4 wa Linux au wa APFS wa kompyuta za Mac, ikichomekwa kwenye Windows, huweza kuleta ule ujumbe wa kuitaka ifomatiwe, ingawa haina ubovu wowote. Kompyuta haikusema kwamba flashi imeharibika. Imesema tu kwamba yenyewe haielewi lugha hiyo. Kwa flashi inayohamahama kati ya mifumo, mfumo wa faili wa exFAT ndio unaofaa zaidi, kwani ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja inayofikia GB 4.

Kwa hiyo ujumbe wa kufomati ukubali tu ikiwa huna haja na kilichomo. Kufomati kwa haraka huandika majedwali mapya na kuiacha sehemu kubwa ya data mahali pake, lakini kufomati kamili kwenye matoleo ya Windows tangu Vista huandika sifuri juu ya flashi nzima. Anza na kuokoa: TestDisk na PhotoRec ni programu za bure zinazoweza kutafuta mgawanyo uliopotea na kuchimbua faili, na unachokiokoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kwa sababu kukiandika kwenye flashi ileile ni kukizika unachokitafuta. Hata amri ya chkdsk, inayopendekezwa kila mahali kana kwamba haina madhara, kazi yake ni kunyoosha muundo wa mfumo wa faili, si kuokoa data. Ikipata vipande visivyo na mwenyewe, huweza kuvigeuza faili zenye majina yasiyoeleweka. Iendeshe baada ya kunakili, si kabla.

Folda zikigeuka njia za mkato, usizibofye, kwa kuwa kubofya ndiko kunakokiamsha kirusi. Mara nyingi faili halisi zimefichwa tu. Safisha kwanza kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, kisha kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, halafu futa zile njia za mkato.

Flashi mpya inayopokea faili nyingi kisha zikakataa kufunguka huenda ni bandia: chipu ya udhibiti imepangwa kutaja ukubwa ambao kumbukumbu haina. Programu ya H2testw, au F3 kwenye Linux, huandika flashi nzima na kuisoma tena ili kupata ukubwa wa kweli.

Inabaki flashi iliyovunjika kichwa, au inayosoma tu ukiishika kwa pembe fulani. Usiendelee kuikunja, kwani kila mkunjo huweza kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Fundi mwenye vifaa anaweza kurudishia miguu ya kichwa kwa kuilehemu, na data ikapatikana yote. Zile ndogo sana, ambazo udhibiti na kumbukumbu vimeunganishwa katika kipande kimoja, ni ngumu zaidi kuokoa. Unapomkabidhi fundi, mweleze ilivyoanza, umeichomeka kwenye mashine zipi, na umeshaendesha programu gani, pamoja na ile ambayo unaona haya kuitaja.