Je, Wajua Tumejuaje Kilichomo Tumboni mwa Dunia?

Kutoka hapo ulipo hadi kitovu cha dunia ni takriban kilomita 6,371. Shimo la Kola huko Urusi, lenye kina kirefu kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa, lilikomea mita 12,262 mwaka 1989. Hata hivyo vitabu vya shule vinatuchorea kiini cha chuma kana kwamba kuna aliyekifikia. Kwangu mimi, mwanafunzi anayeuliza "mmejuaje?" amepiga hatua kubwa kuliko anayekariri majina ya matabaka.

Dokezo la kwanza lilikuwa uzito. Dunia nzima ni nzito mara tano na nusu kuliko maji ya ujazo uleule, ilhali miamba ya juu kwa kawaida haizidi mara tatu. Chini lazima kuna kitu kizito zaidi.

Kilichofumbua fumbo ni matetemeko. Ardhi ikitikisika, mawimbi hupita ndani ya dunia na kunaswa na vyombo vya kupimia mitetemo kwingineko. Mawimbi ya P, yenye kasi zaidi, hupenya vitu vigumu na vimiminika. Ya S huitikisa miamba kwa upande, na kimiminika hakiwezi kuyapitisha, kwa kuwa kikisukumwa kando hakirudi mahali pake. Sasa, linapotokea tetemeko kubwa, mawimbi ya S hayafiki moja kwa moja upande wa pili wa dunia. Yamezuiwa njiani na chuma kilichoyeyuka, kinachoanzia kina cha kilomita 2,900 hivi. Mzunguko wa chuma hicho ndio unaozalisha sumaku inayoelekeza dira zetu.

Kisha akaja Inge Lehmann, mwanasayansi wa matetemeko kutoka Denmark. Katika rekodi za tetemeko la New Zealand la mwaka 1929 aliona mawimbi dhaifu ya P yakijitokeza yasipotarajiwa. Bila kompyuta, alipiga hesabu, na mwaka 1936 akaeleza kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine kinachoyageuza mawimbi hayo. Hupaswi kumaliza somo la sayansi ya dunia bila kulisikia jina lake.

Baadaye ilibainika kuwa kiini hicho cha ndani ni kigumu, ingawa joto lake linapita nyuzi 5,000. Mgandamizo wa dunia yote iliyokilalia haukiachi chuma kiyeyuke.