House ya Obayashi kwenye diski: kuna uchafu usiopaswa kusafishwa

Msichana anapiga piano, piano inamng'ata vidole, kisha inammeza mzima huku vidole vilivyokatika vikiendelea na wimbo peke yake. Mwenzake, aitwaye Kung Fu, anapigana mateke na magogo ya kuni yanayoruka hewani. Magodoro yanamporomokea mwingine. Mwalimu anayetegemewa kuja kuwaokoa anageuka rundo la ndizi. Hiyo ndiyo House, filamu ya Nobuhiko Obayashi kuhusu wasichana wa shule wanaokwenda kumtembelea shangazi wa mmoja wao, iliyotolewa na Toho, studio ya Japani, mwaka 1977: dakika 88 za mizuka, mateke na vicheko. Mimi kazi yangu ni kuhamisha filamu za zamani kutoka kwenye mkanda wa sinema kwenda kwenye diski, na nakwambia hii ni miongoni mwa filamu zinazomtega sana fundi wa kazi hiyo. Mtego wenyewe hautokani na uchakavu wa mkanda. Nusu ya mambo yanayoonekana kuwa kasoro mle ndani yaliwekwa makusudi.

Baada ya Jaws, filamu ya papa mla watu, kuvuna pesa mwaka 1975, Toho walimtaka Obayashi awaandalie kitu cha namna ile. Hakuwa mwajiriwa wa studio. Alikuwa mtu wa matangazo ya televisheni, ndiye aliyemweka Charles Bronson kwenye tangazo la vipodozi vya kiume vya Mandom. Badala ya kwenda kutafuta samaki wa kutisha, alimgeukia binti yake Chigumi, aliyekuwa bado mtoto, akamuuliza ni nini kinachomwogofya. Akatajiwa taswira kwenye kioo inayomtokea mtu, piano inayobana vidole, magodoro yanayoanguka, tikitimaji linalovutwa kutoka kisimani. Chiho Katsura akayageuza kuwa muswada. Toho wakaukubali, kisha mradi ukakaa kama miaka miwili kwa sababu waongozaji wa mle ndani waliogopa kwamba ungewamalizia kazi zao. Obayashi hakukaa kimya. Aliitangaza filamu ambayo bado haipo: kulikuwa na albamu ya muziki wake, katuni, riwaya, hata mchezo wa redio. Mwishowe wakamwachia aiongoze mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ufundi. Obayashi alitaka maajabu yake yaonekane ya uongo, kama yaliyobuniwa na mtoto. Anga la machweo ni mchoro, na linaonekana ni mchoro. Mtu akikatwa na kubandikwa juu ya mandhari nyingine, ukingo wa mkato unaonekana kwa macho. Yeye na mpigapicha wake walitumia mbinu walizozizoea kwenye matangazo, na mengine hawakujua yatatokeaje mpaka filamu ilipokamilika.

Enzi hizo, kuunganisha picha mbili kulimaanisha kuzipiga upya, moja juu ya nyingine, kwenye mashine maalumu. Kila mara picha inapopigwa upya, punje za filamu, zile chembe unazoziona zikitetemeka ukutani au kwenye ngozi, huongezeka na kuwa nene. Kwa hiyo ndani ya tukio moja la House unaweza kuona mkato mmoja, yaani kipande kimoja cha picha, ukiwa msafi, unaofuata una punje kama mchanga, wa tatu rangi zake zimepanda. Kompyuta ya kusafishia picha haielewi sanaa hiyo. Inachoona ni kelele, yaani uchafu wa picha, na ukiiruhusu itazilainisha punje zote, itaufuta ukingo wa mkato, itasawazisha rangi. Utapata picha laini kama plastiki, na mzaha wote umekufa, maana kinachochekesha ni kwamba unaona wazi jinsi ulivyodanganywa.

Mikwaruzo na vumbi ni habari nyingine, hivyo ondoa bila huruma. Kazi ya fundi ni kutenganisha kilichowekwa na Obayashi na kilicholetwa na miaka, na hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Unakaa, unatazama mkato mmoja baada ya mwingine, unaamua.

Punje zikishabakizwa, zina gharama. Programu inayobana picha huokoa nafasi kwa kukumbuka kile ambacho hakijabadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Punje hubadilika kila picha, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka. Ongeza miale, mikato ya haraka na paka mweupe anayetoa mng'ao wa kijani machoni, na programu inatoka jasho. DVD inaruhusu picha kufikia megabiti 9.8 kwa sekunde, Blu-ray hadi 40. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanazijua zile diski za sinema kumi ndani ya moja. Gawanya gigabaiti 4.7 kwa kumi, kila sinema inaambulia megabaiti 470, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hiyo ni kiasi cha megabiti 0.7 kwa sekunde kwa filamu ya saa moja na nusu. Filamu ya ngumi yenye mwanga wa kawaida inaweza kuvumilia. House hapo inakuwa miraba mitupu inayocheza.

Kuhusu umbo la picha niseme kwa ufupi: diski ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwenye diski, inaionyesha kwa uwiano wa upana na kimo wa 1.33 kwa 1, kwa hiyo kwenye televisheni ya leo utaona giza kulia na kushoto. Acha hivyo hivyo. Ukibonyeza rimoti ili picha ijae, unakata vichwa au unawanenepesha wasichana, na Obayashi alipenda kujaza pembe za fremu vitu vidogo vya kuchekesha.

Sauti ndiyo inayosahaulika zaidi. Muziki ni wa Asei Kobayashi na Mickie Yoshino pamoja na bendi ya Godiego, na ulikuwepo kabla ya picha. Wasichana wengi hawakuwa waigizaji wazoefu, na Obayashi aligundua wanaamka zaidi akiwapigia muziki huo pale pale wanaporekodi. Kwa hiyo miondoko yao imefuata mapigo ya nyimbo. Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde, ilhali mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Ulaya na kwetu Kenya na Tanzania, huonyesha 25. Njia rahisi ya kutengeneza DVD ya PAL ni kuiendesha filamu haraka kidogo: dakika 88 zinashuka hadi kama 84 na nusu, na sauti isiporekebishwa inapanda karibu nusu toni. Kwenye filamu ya mazungumzo matupu hutagundua. Hapa Kung Fu anaporuka na wimbo wake, unasikia kabisa kwamba kuna kitu kinamkimbiza. Blu-ray hubaki kwenye 24 na tatizo hilo linaisha, na kwa Criterion unapata sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja, isiyobanwa. Usiwashe spika tano ukidhani utaiboresha.

Kwa nini diski hiyo ilichelewa hivyo? Nyumbani Japani vijana waliijaza kumbi, wahakiki wengi wakaiponda, na Amerika Kaskazini haikuonyeshwa kwa upana mpaka wasambazaji Janus Films walipoizungusha kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 na 2010. Criterion wakatoa DVD na Blu-ray Oktoba 2010, miaka 33 baada ya filamu kuzaliwa. Uingereza ilitolewa na Eureka katika safu ya Masters of Cinema.

Kabla ya kuagiza, tazama herufi nyuma ya kasha, maana diski nyingi hufungwa zichezwe kwenye deki za eneo fulani la dunia tu. Japani na Marekani zote ni eneo A la Blu-ray. Afrika iko eneo B pamoja na Ulaya na nchi za Ghuba. Deki iliyonunuliwa Dar, Mombasa au Dubai kwa kawaida itaikataa diski ya Criterion, ila kama ni deki iliyofunguliwa maeneo yote. Kwa DVD mambo yamevurugika zaidi: Japani ni 2 kama Ulaya, Marekani ni 1, na sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Toleo la Blu-ray la Uingereza ndilo linaloendana na deki zetu.

Ukipata ya Criterion, usiishie kwenye filamu. Kuna Emotion, filamu fupi ya Obayashi ya 1966, na mahojiano yake pamoja na Katsura na Chigumi, aliyekwisha kuwa mtu mzima. Obayashi alizaliwa Onomichi, mkoa wa Hiroshima, mwaka 1938, na bomu la atomiki lilimpotezea marafiki wa utotoni. Shangazi wa kwenye filamu ni mwanamke aliyemsubiri mchumba ambaye hakurudi kutoka vitani, na wasichana anaowameza ni kizazi ambacho hakikuijua vita hiyo. Mimi ningeanza na filamu, kisha mahojiano, kisha filamu tena, na mara hiyo ya pili ningemwangalia shangazi zaidi ya paka.