Kupiga picha za vimelea vya malaria kwa kamera ya dijitali kupitia hadubini

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wa maabara wanaotaka kuanza kuhifadhi picha za slaidi zao ni la megapikseli: je, 5 zinatosha, au ni lazima ziwe 12 au 20? Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Kamera hupokea taswira ambayo taa, kondensa (lenzi iliyo chini ya slaidi, inayokusanya mwanga wa taa) na lenzi zimekwisha kuitengeneza, na kitu ambacho lenzi imeshindwa kukitenganisha na jirani yake hakitatenganishwa na kihisi cha kamera, yaani sehemu yake inayopokea mwanga, kiwe cha bei kubwa kiasi gani. Hapa nitaeleza namna ninavyopanga kazi hiyo tangu kwenye taa hadi kwenye faili, kwa kutumia mfano ninaoufahamu zaidi, yaani picha za utando mwembamba wa damu uliotiwa rangi ya Giemsa, zinazokusudiwa kufundishia utambuzi wa vimelea vya malaria.

Tuanze na ukubwa wa kile tunachokitafuta. Seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8. Kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum, kile chenye umbo la pete, kinaweza kuwa na upana wa takribani moja ya tano tu ya seli hiyo, na punje ya kiini chake, ambayo Giemsa huipa wekundu huku sehemu inayobaki ya pete ikiwa buluu, ni ndogo zaidi ya hapo. Mwanafunzi anatarajiwa kuona kwenye picha kama punje ni moja au mbili, kama pete imekaa ukingoni mwa seli, na kama seli yenyewe imevimba au imebaki na ukubwa wake wa kawaida. Picha isiyoonyesha mambo hayo haimfai, hata ikiwa na rangi za kupendeza.

Haja ya picha za namna hii ni ya zamani. Alfred Donné na Léon Foucault walitoa atlasi jijini Paris mwaka 1845 kutokana na picha zilizopigwa kupitia hadubini, na seli za damu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa humo. Robert Koch, ambaye miaka ya mwisho ya karne ya 19 alifika Dar es Salaam na kuchunguza malaria, alikuwa amechapisha picha za bakteria tangu mwaka 1877, kwa kuwa aliona kwamba mchoro wa mkono hubeba pia maoni ya mchoraji. Nakubaliana naye, ingawa nitaonyesha mbele kidogo kwamba hata picha ina jambo inalolificha.

Hatua ya kwanza ni mwanga. August Köhler alichapisha mwaka 1893 utaratibu wa kuupanga mwanga wa hadubini, na aliubuni hasa kwa ajili ya upigaji picha, kwa sababu taa za wakati wake ziliacha sura ya moto au ya waya wake ndani ya taswira. Utaratibu huo bado ndio tunaoutumia. Weka slaidi na upate fokasi kwa lenzi ya 10×, kisha ufunge diaframu (tundu linaloweza kupanuliwa na kubanwa) iliyo juu ya taa mpaka libaki doa dogo la mwanga. Pandisha au shusha kondensa mpaka kingo za doa hilo ziwe kali, lisogeze katikati kwa skrubu za kondensa, halafu fungua diaframu mpaka kingo zake zitoke nje kidogo tu ya eneo unaloliona. Ukibadilisha lenzi, rudia. Hadubini nyingi za kufundishia hazina diaframu hiyo ya taa. Kwa hizo, pandisha kondensa karibu mpaka juu kabisa na uhakikishe kioo chenye ukungu kinachosambaza mwanga kipo mahali pake.

Diaframu ya pili, iliyo ndani ya kondensa yenyewe, ndiyo inayoharibu picha nyingi ninazoletewa. Watu huifunga sana, au hushusha kondensa, kwa sababu kufanya hivyo huongeza weusi wa kingo na kuifanya taswira ionekane kali zaidi kwa haraka. Ukali huo si wa kweli, kwani uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vidogo unapungua papo hapo, na kila seli huzungukwa na mstari wa giza na mwingine wa mwanga ambao haumo kwenye damu. Utando uliotiwa Giemsa vizuri hauhitaji msaada huo, kwa kuwa rangi yenyewe ndiyo inayotofautisha vitu. Ukiondoa lenzi ya jicho na kuchungulia ndani ya mrija utaona duara la mwanga. Mimi huifunga diaframu mpaka duara hilo libaki na robo tatu hivi ya upana wake, na siifungi zaidi ya hapo.

Sasa tunaweza kurudi kwenye megapikseli. Ubavuni mwa kila lenzi ya chini, ile inayoelekea slaidi, kuna namba mbili: ya kwanza ni ya ukuzaji, na ya pili, ambayo nitaiita namba ya upenyo, hueleza lenzi inaweza kukusanya mwanga kutoka pembe pana kiasi gani. Lenzi ya kawaida ya mafuta, ile inayotumiwa ikiwa na tone la mafuta kati yake na slaidi, huandikwa 100/1.25. Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba kikomo cha kuona kinatokana na tabia ya mwanga wenyewe, na leo tunakikadiria kwa kuzidisha urefu wa wimbi la mwanga kwa 0.61 na kugawanya kwa namba ya upenyo. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, lenzi hiyo hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takribani maikromita 0.27. Ili kamera isipoteze chochote, umbali huo unapaswa kuangukia kwenye pikseli 2 angalau, nami napendelea 3, kwa sababu kihisi cha rangi huwa na vichujio juu ya pikseli zake, nusu vikiwa vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, hivyo kila rangi hupimwa kwa nafasi pana kuliko hesabu ya pikseli inavyodai.

Eneo linaloonekana kupitia lenzi ya jicho ya kawaida yenye namba ya uwanja 20 ni milimita 0.2, yaani maikromita 200, unapotumia lenzi ya 100×. Ukigawanya 200 kwa nusu ya 0.27 unapata pikseli zipatazo 1,500 kutoka ukingo hadi ukingo, ambazo ni megapikseli 2 na kidogo. Lenzi ya 10/0.25 ina kikomo cha takribani maikromita 1.34, ila eneo lake lina upana wa maikromita 2,000, kwa hiyo inahitaji pikseli karibu 3,000 kwa upande mmoja, yaani megapikseli 9. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, kwa maana wao hutazamia kinyume chake, kwamba ukuzaji mkubwa ndio udai kamera kubwa. Kwa kazi yetu ya mafuta, kamera ya megapikseli 5 yenye kihisi kizuri inatosha kabisa, na fedha inayobaki ningeshauri iwekwe kwenye lenzi bora ya 100×.

Kinachosahaulika mara nyingi ni adapta inayounganisha kamera na mrija wa tatu wa hadubini, ule wa kamera. Kihisi kinachoitwa cha nusu inchi kina ukubwa wa milimita 6.4 kwa 4.8 tu. Ukikiweka moja kwa moja, bila lenzi ya kupunguza, kwa 100× kitaona eneo la maikromita 64 kwa 48, ambalo ni karibu sehemu moja ya kumi ya lile unaloliona kwa macho, na seli nyekundu nane hivi zikipangwa bega kwa bega zitajaza upana wake. Adapta ya 0.5× huongeza eneo hilo mara nne. Je, undani haupotei? Kwa kihisi chenye pikseli za maikromita 3.45, kila pikseli itafunika maikromita 0.069 za slaidi, na kikomo cha 0.27 bado kitaangukia kwenye pikseli karibu 4. Hakuna kilichopotea, na mwalimu amepata seli nyingi zaidi za kulinganisha katika picha moja. Hakikisha tu kwamba fokasi ya kamera na ya lenzi za jicho zinakubaliana, ukirekebisha kimo cha adapta kabla ya kuanza kazi ya siku.

Rangi inahitaji uangalifu wa pekee. Kamera ikiachiwa ijisawazishe yenyewe huona uwanja uliojaa seli zenye rangi ya waridi na kudhani kwamba mwanga ndio wenye kasoro, kisha hukivuta kila kitu kuelekea kijani. Vidoti hafifu vya waridi vinavyoonekana ndani ya seli zenye Plasmodium ovale, ambavyo ni alama muhimu ya kukitambua kimelea hicho, ndivyo vinavyopotea kwanza. Sogeza slaidi mpaka sehemu isiyo na seli, sawazisha weupe hapo, ufunge mpangilio huo na usiuguse tena mpaka ubadilishe taa au mwangaza wake. Muda wa shata nao uwekwe kwa mkono: tazama histogramu, yaani grafu inayoonyesha pikseli ngapi ni za giza na ngapi ni za mwanga, na uhakikishe sehemu tupu ya slaidi inakaribia upande wa kulia bila kugonga ukuta wake. Kabla hujaondoka kwenye sehemu hiyo tupu, toa fokasi kidogo na upige picha yake, kwani utaihitaji baadaye kuondolea giza la pembeni na vivuli vya vumbi, kwa kugawanya picha ya damu kwa picha hiyo katika programu kama ImageJ, ambayo hupatikana bure.

Nimesema picha ina jambo inalolificha. Mtaalamu anayesoma slaidi haondoi mkono wake kwenye skrubu ndogo ya fokasi. Anaizungusha mbele na nyuma wakati wote, na kwa kufanya hivyo anajua kama kitu kiko ndani ya seli au kimekaa juu yake. Chembe sahani ya damu (chembe ndogo inayosaidia damu kuganda) iliyolala juu ya seli nyekundu, au punje ya rangi iliyoganda, inaweza kufanana sana na kimelea katika picha moja, ila ukisogeza fokasi utaona vitu hivyo vinakuwa vikali katika kina tofauti na seli iliyo chini yake. Lenzi ya 100/1.25 huona kwa ukali unene usiofika hata maikromita 1, kwa hiyo picha moja ni kipande kimoja chembamba cha habari nzima. Ndiyo maana, kwa kila uwanja wenye shaka, mimi hupiga picha kadhaa katika kina tofauti bila kuisogeza slaidi, na ninazihifadhi pamoja. Kwa tone nene la damu jambo hili ni la lazima, kwa sababu vimelea vimetawanyika katika kina chote cha tone.

Zipo programu zinazochukua picha hizo na kuziunganisha kuwa moja iliyo kali kila mahali. Matokeo hupendeza, na yanafaa kwa bango. Kwa kufundishia utambuzi, hata hivyo, ninamwonyesha mwanafunzi mfuatano wenyewe, moja baada ya nyingine, kwa sababu muunganiko unaondoa kile hasa ninachotaka akijue, yaani nani yuko juu na nani yuko ndani.

Simu nayo ni kamera, na katika zahanati nyingi ndiyo iliyopo. Lenzi yake inapaswa kukaa pale mwanga unapokusanyika kuwa duara dogo juu ya lenzi ya jicho, na kishikilio cha simu kitakusaidia kuliko mkono ulio imara. Bonyeza na ushikilie skrini ili fokasi na mwangaza vifungwe. Tahadhari yangu kubwa ni kwamba simu nyingi huongeza ukali wa kingo zenyewe bila kuulizwa, na ukingo ulioongezwa kuzunguka kimelea huweza kuonekana kama ule uwazi unaozunguka chembe sahani iliyolala juu ya seli. Kama simu ina uwezo wa kuhifadhi picha ghafi, yaani ambayo simu haijaibadilisha, utumie huo.

Picha isiyo na kipimo haijakamilika. Maneno "imekuzwa mara 1,000" hayana maana pindi picha inapotazamwa kwenye skrini ya simu na kisha kwenye ukuta wa darasa, ilhali mstari wa kipimo uliochorwa ndani yake hukua na kupungua pamoja nayo. Piga picha ya slaidi ya kupimia, ile yenye milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, kwa kila lenzi na adapta unayotumia, uhesabu pikseli zinazoingia katika maikromita 10, na uandike namba hiyo mahali pa kudumu. Hifadhi picha ya asili katika muundo wa TIFF bila kuigusa, na marekebisho yote yafanywe kwenye nakala. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya undani, nayo iwe ya kutuma tu. Jina la faili libebe lenzi, adapta, rangi iliyotumika na namba ya slaidi. Jina la mgonjwa lisiwemo, wala lebo ya slaidi isionekane popote kwenye picha.